Kadi ya mkono kwa baba, babu na mtoto wa kiume: koti, tai na daladala

Kila msimu wa sikukuu na mahafali ukikaribia, wanaoanza kutengeneza kadi huuliza swali lile lile: kadi ya mwanamume niiwekee nini, kama sitaki maua wala kopakopa? Mwekee anachokivaa au anachokipenda. Koti na tai humfaa baba, mjomba, mwalimu au shemeji. Kanzu humfaa babu siku ya Idi, na basi humfaa mtoto wa shule ya msingi. Ukishalijua koti, hizo nyingine nyingi ni mabadiliko madogo tu ya kipimo kile kile.

Jambo moja ulijue kabla hujagusa mkasi. Kadi ya maua husamehe, maana petali likienda upande unaongeza jani juu yake na hakuna anayegundua. Kadi ya koti ina mistari iliyonyooka na rangi mbili tatu, basi. Mkunjo ukipinda kwa milimita mbili, jicho linauona kabla ya kusoma jina. Kwa hiyo hapa kazi kubwa ni kupima na kukunja. Mapambo ni sehemu ndogo.

Vitu vya kuandaa

- Manila ya rangi ya koti: bluu iliyoiva, kijivu, kahawia au nyeusi. Chukua ya gramu 160 hadi 220. Chini ya hapo koti linalegea, na juu ya 250 mkunjo unapasuka. Karatasi moja ya A4 inatoa kadi mbili.
- Karatasi nyeupe ya kawaida kwa ajili ya shati, na nyingine ya kujaribia.
- Mabaki ya kitenge au kikoi. Fundi cherehani yeyote anayo kapuni, na mara nyingi atakupa bure.
- Penseli iliyochongwa vizuri, rula ya chuma, na kile kipembetatu cha kwenye mkebe wa hisabati kwa ajili ya pembe mraba.
- Kisu cha karatasi chenye wembe mpya, na boksi gumu la kukatia juu yake.
- Biki iliyokwisha wino. Usiitupe, ndiyo kifaa muhimu kuliko vyote hapa.
- Gundi ya kijiti kwa karatasi, na gundi nyeupe ya maji kwa kitambaa.
- Vifungo viwili vya shati, sindano na uzi.
- Vitabu vizito vitatu au vinne.

Supagluu iache dukani. Inapenya kitambaa, inaacha doa gumu linalong'aa, na ikikauka haikupi nafasi ya kurekebisha.

Kadi ya koti na tai

1. Kata A4 katikati upate vipande viwili vya mm 210 × 148. Kabla ya kukunja, shika kipande na ukipinde kidogo bila kukivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande usiobisha ndio unaofuata nyuzi za karatasi. Mikunjo ya koti inapaswa kwenda sambamba na nyuzi hizo, yaani sambamba na upande wa mm 148. A4 nyingi ukizikata hivi zinakuwa sawa zenyewe, lakini manila kubwa ya kukatiwa dukani huwezi kuijua mpaka uijaribu.

2. Laza kipande upande mrefu ukiwa mbele yako. Kutoka ukingo wa kushoto pima mm 52, weka nukta juu na nukta chini. Fanya vivyo hivyo kutoka kulia. Usipime sehemu moja tu kisha ukakisia nyingine. Mikunjo mingi iliyopinda inaanzia hapa.

3. Weka rula kwenye nukta mbili na pitisha biki isiyo na wino mara mbili, kwa nguvu ya wastani, upate mtaro. Kunja ukiuacha mtaro upande wa nje. Wengi hukunja kuelekea ndani ya mtaro kwa sababu unaonekana kama njia, lakini karatasi hukaa vizuri uvimbe ukiwa ndani ya mkunjo. Kandamiza kwa mgongo wa kijiko, juu kwenda chini, mara moja.

   Sasa una mlango wa mbawa mbili: kila ubao ni mm 52, katikati ni mm 106, na mbao zikifungwa zinaacha mwanya wa mm 2. Mwanya huo ni wa makusudi. Ukizipima zikutane kabisa zitasukumana, na kadi haitalala.

4. Kola za koti. Funga mbao zote mbili. Kwenye ubao wa kushoto, anza pembe ya juu iliyo karibu na katikati: pima mm 28 kwenye ukingo wa juu kuelekea nje, weka nukta. Kutoka pembe ile ile pima mm 65 kushuka kwenye ukingo wa katikati, weka nukta nyingine. Fungua ubao, unganisha nukta hizo kwa rula na biki, kisha kunja pembe kuelekea nje ya koti. Ncha itatua karibu mm 5 kabla ya ukingo wa kushoto. Rudia kulia.

   Ukiona ncha inachomoza nje ya kadi, ulipima zaidi ya mm 28. Punguza, usiikate ncha kwa mkasi, kwa sababu kola iliyokatwa butu inaonekana kama kadi imeliwa na panya.

5. Shati. Kata karatasi nyeupe mm 100 × 142 na uibandike ndani, katikati, kwa gundi ya kijiti. Paka gundi kwenye karatasi nyeupe, siyo kwenye koti, na uanze kupaka katikati kwenda nje ukivuka ukingo, juu ya gazeti kuukuu. Pembe zisizopata gundi ndizo zinazobanduka baada ya wiki.

6. Tai. Hapa ndipo kitambaa kinapoharibu kazi ya wengi, maana wanakata kitenge kwanza kisha wanabandika, na nyuzi zinachomoza pande zote. Geuza utaratibu. Pasi kitambaa. Paka gundi nyeupe kwenye karatasi ya kawaida, isambaze kwa kipande cha kadi mpaka ibaki tabaka jembamba kama ukungu, laza kitambaa juu yake, kandamiza kwa kitabu kwa nusu saa. Kikikauka, kitakatika kama karatasi na hakitatoa nyuzi.

   Chora tai upande wa karatasi. Sehemu ndefu: juu upana mm 9, inapanuka hadi mm 20 ikifika mm 58 kushuka, kisha inamalizika kwa ncha yenye kimo cha mm 10. Fundo: juu mm 16, chini mm 10, kimo mm 12. Ili pande mbili zilingane, tengeneza kielelezo kwa karatasi iliyokunjwa katikati, kata nusu, fungua.

   Chagua kitenge chenye michoro midogo. Tai ina upana wa sentimita mbili tu, na ua kubwa la kitenge likikatwa hapo linabaki doa la rangi lisiloeleweka. Kikoi ndicho kizuri kuliko vyote kwa kazi hii: laza kielelezo kwa mshazari kwenye mistari ya pindo lake na utapata tai ya mistari ya kuinama, ile ya maofisini.

7. Bandika sehemu ndefu ya tai katikati ya shati, kilele chake kikiwa mm 10 chini ya ukingo wa juu wa shati. Fundo liwe juu yake, likifunika mwanzo wake kidogo.

8. Kola ya shati. Kata mstatili mweupe wa mm 22 × 30, ukate kwa mshazari upate pembetatu mbili, kisha kimoja kigeuze kiwe kioo cha mwenzake. Upande wa mm 22 ufuate ukingo wa juu, pembe mraba ikiwa nje. Gundi ipake sehemu ya juu tu. Ncha zikiachwa wazi zinatoa kivuli, na bila kivuli hicho kola nyeupe juu ya shati jeupe haionekani kabisa.

9. Vifungo. Shona kifungo kimoja kwenye kila ubao, mm 80 kutoka juu na mm 8 kutoka ukingo wa katikati. Toboa kwa sindano kwanza ukiwa umeweka boksi chini, ndipo upitishe uzi. Uzi wa rangi ya tai, ukizungushwa kwenye vifungo viwili kwa umbo la nane, unafunga koti. Kama hutaki unene, punchi ya ofisini inatoa viduara vya mm 6 vinavyofaa kabisa kuwa vifungo vya karatasi.

10. Funga kadi, iweke chini ya vitabu usiku mzima. Kama umeshona vifungo, weka kipande cha taulo juu ya kadi kwanza. La sivyo vitachora duara kwenye kitabu, na mbaya zaidi, kwenye shati.

Koti hilo hilo, mtu mwingine

Kwa babu siku ya Idi, acha tai. Kwenye karatasi nyeupe chora shingo ya mviringo kwa bikari na uipitishie mshono wa uzi wa dhahabu au wa maziwa, halafu mstari mmoja ushuke kifuani: hiyo ni kanzu chini ya koti. Kwa mzee wa Uganda mshono uwe wa rangi ya damu ya mzee, kama darizi ya kanzu za kule.

Kaunda suti haina tai wala shati. Tumia manila ya kaki, mbao zikutane kwa mwanya ule ule, kola fupi (mm 20 juu, mm 35 kushuka), na mifuko minne ya mstatili yenye vifuniko. Kwenye mwanya wa shingoni weka kipande cha kaki ile ile badala ya nyeupe.

Mwanafunzi anayekwenda kwenye mtihani wa darasa la saba au kidato cha nne anataka sweta. Usikunje kola: ukate kabisa ule mshazari wa mm 28 na mm 65, upate shingo ya V, kisha chora mistari miwili kufuata ukingo kwa rangi ya shule yake. Tai ya shule chini yake. Ulizia rangi hizo kabla, kwa sababu mtoto atakayepewa sweta ya shule jirani hatakusamehe.

Na tukiwa kwenye rangi: kadi ya mpira usiitengeneze kwa kubahatisha. Nyekundu na nyeupe ni Simba, kijani na njano ni Yanga, na ukikosea kadi itasomwa kama utani. Kama hujui timu yake, rudi kwenye koti.

Kadi ya daladala kwa mtoto

Hii ni ya mtoto wa miaka mitano hadi kumi. Hatua zake ni fupi kwa sababu kupima na kukunja umeshakujua.

1. Kata manila mm 148 × 190, kunja katikati upate mm 148 × 95, mkunjo ukiwa juu kama paa.
2. Fungua kadi. Kwenye ubao wa mbele peke yake chora madirisha manne ya mm 22 kwa mm 22, yakianza mm 12 kutoka upande wa nyuma wa basi na mm 18 chini ya paa, yakiachana kwa mm 8. Kata kwa kisu ukipita mara tatu nne kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza ili umalize mara moja, wembe huteleza pembeni na dirisha linakuwa mlango. Nafasi inayobaki mbele ni ya dereva, mchore kwa kalamu.
3. Funga kadi na upitishe penseli ndani ya madirisha kuchora fremu kwenye ubao wa nyuma. Ndani ya fremu hizo chora abiria: mtoto mwenyewe, ndugu zake, na konda anayepiga debe. Picha ndogo ya pasipoti ya mtoto ikiwekwa dirisha la kwanza inapendwa kuliko mchoro wowote.
4. Bandika mstari wa rangi wa mm 10 chini ya madirisha. Kwa matatu ya Kenya uwe wa njano. Kwa daladala ya Dar es Salaam tumia rangi ya njia anayoifahamu.
5. Kibao cha njia kikae juu ya madirisha: MIAKA 7 – MIAKA 8, au DARASA LA 3 – DARASA LA 4.
6. Magurudumu: duara mbili za kipenyo cha mm 34 za manila nyeusi. Kitovu cha kila moja kiwe mm 35 kutoka upande wa basi na mm 7 juu ya ukingo wa chini, ili gurudumu litokeze mm 10. Lifunge kwa pini ya miguu miwili kwenye ubao wa mbele tu, kisha funika miguu ya pini kwa karatasi ndani isije ikakwaruza maandishi.

Huna pini hizo? Tumia kifungo kidogo ndani, uzi upite kwenye kadi na gurudumu, ufunge. Wakati unafunga, chomeka njiti ya kiberiti kati ya gurudumu na kadi, na ukimaliza ichomoe. Ule ulegevu unaobaki ndio unaoliruhusu gurudumu kuzunguka.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu usiweke pini wala kifungo popote. Ataling'oa gurudumu na kitakachofuata ni mdomoni. Bandika duara kwa gundi, atazungusha kadi nzima.

Maneno ya ndani

Chini ya tai kuna nafasi ya mistari mitano au sita, na hiyo inatosha. Andika kwanza kwenye karatasi ya kujaribia yenye ukubwa ule ule, ndipo uhamishe. Kalamu ya wino wa jeli inapakaa kwa dakika kadhaa juu ya manila laini, basi usifunge kadi papo hapo.

Taja jambo moja alilolifanya kweli. "Baba, shikamoo. Ahsante kwa kunisubiri stendi usiku ule" ina uzito kuliko shairi la kunakili. Kwa kaka au rafiki wa rika lako utani unaruhusiwa, lakini kwa baba mkwe usijaribu. Chupa ya bia kwenye kadi ya mtu usiyemjua vizuri pia iache. Mtoto mwandikie kwa herufi kubwa anazoweza kuzisoma mwenyewe.

Ikiharibika

*Mbao za koti zinafunguka zenyewe.* Mtaro haukuwa na kina cha kutosha, au mikunjo imekwenda kinyume na nyuzi. Pitisha biki tena juu ya mtaro ule ule na urudishe chini ya vitabu. Kama ni nyuzi, uzi wa vifungo ndio utakaolishika koti. Kadi inayofuata geuza karatasi.

*Mkunjo umepasuka na weupe unaonekana.* Manila ni nzito au ulikunja bila mtaro. Kalamu ya rangi inayofanana, ikipitishwa kwa ncha, inaficha. Kwenye manila nyeusi makapeni inatosha.

*Shati limefanya mawimbi.* Ulitumia gundi ya maji kwenye karatasi nyembamba, nayo imevimba. Kulinyoosha kabisa haiwezekani. Lifunike kwa shati jipya la mm 102 × 144, safari hii kwa gundi ya kijiti.

*Tai ina madoa meusi.* Gundi ilikuwa nyingi ikapenya kitambaa. Kata nyingine na utumie robo ya gundi ile. Kitambaa cheupe au cha njano kinaonyesha doa haraka, hivyo kama mkono bado ni mzito anza na rangi za kuiva.

*Kola moja iko juu kuliko nyingine.* Mara nyingi kola haina kosa, mbao ndizo hazilingani. Funga kadi utazame chini: ukingo mmoja ukizidi, mkunjo wa mm 52 ulipinda. Hapo ni kuanza upya. Manila ni nafuu kuliko muda utakaopoteza kuirekebisha.

*Penseli haifutiki bila kuacha alama.* Ulikandamiza. Nukta zinatosha, mstari mzima hauhitajiki. Na futa kabla ya kupaka gundi.

Bahasha

Kadi zote mbili zinaingia kwenye bahasha ya C6, ambayo ni mm 114 × 162. Ukiikosa, tengeneza yako kwa A4 moja iliyosimama. Piga mitaro miwili ya wima, mm 25 kutoka kila upande. Kisha mitaro miwili ya kulala, mm 110 na mm 225 kutoka chini. Kata na uondoe zile mm 25 za pembeni kwenye sehemu ya chini na ya juu, uziache kwenye sehemu ya kati tu. Kifuniko cha juu kipunguze kibaki mm 60. Kunja masikio ya kati kwenda ndani, yapake gundi kwa nje, pandisha sehemu ya chini juu yake, na kandamiza. Ndani utakuwa na nafasi ya takriban mm 160 × 110.

Ikiwa kadi inasafiri kwa basi au posta, weka kipande cha boksi jembamba mbele ya vifungo kabla ya kufunga bahasha, la sivyo vitatoboa njiani.